Nampeleka bimkubwa siku ya vyakula vya asili ng'ambo ya Busisi. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana?

MpanganiMgeni

Salaam kwenu nyote, na shikamooni mnaostahili.

Mimi mtu wa Pangani, kazi imenileta Mwanza, nakaa Nyakato. Bimkubwa wangu amekuja kututembelea na ameshachoka kukaa ndani. Nilimpeleka kuona Jiwe la Bismarck, akalitazama kidogo, akasema, "Haya, jiwe nimeliona. Turudi nyumbani."

Sasa kuna tangazo limepita kwenye simu: Jumamosi ya wiki ijayo kuna siku ya vyakula vya asili kwenye mji mdogo upande wa Sengerema, uwanja wa shule ya msingi. Vikundi vya akina mama vitapika, ngoma zitakuwepo, mgeni rasmi yupo. Bimkubwa kusikia neno chakula akainuka. Huyu ni mama aliyepikia harusi za watu maisha yake yote, ukimpeleka mahali akakuta wali haujaiva vizuri utasikia habari hiyo mpaka Idi.

Shida zangu ni hizi. Magoti yake hayamruhusu kusimama muda mrefu. Nitakuwa na mwanangu wa miaka saba, na mke wangu yuko zamu kazini. Tena mke wangu ni Msukuma aliyezaliwa Dar, ukimuuliza chakula cha kwao anakwambia pilau. Na kubwa zaidi, bimkubwa hali samaki wa maji baridi. Anasema ni kama kutafuna pamba, chumvi unaitia nje lakini ndani haiingii. Yeye ni mtu wa bada, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki wa kuchoma wa bahari.

Je, tukitoka asubuhi jioni tutakuwa tumerudi? Na huko kuna nini atakachokula?

Konda Mstaafu

Usafiri usikuumize kichwa. Hadithi za kulala foleni Kigongo zilikwisha tarehe 19 Juni 2025, daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo mpaka Busisi lilipofunguliwa. Kilomita 3 juu ya maji, gari linakatiza kwa dakika chache. Enzi za kivuko ungeweza kufika Kigongo saa tatu ukavuka saa tano, na hapo bado msafara wa mkubwa haujaja kuwasukuma pembeni.

Nendeni stendi ya Nyegezi mapema, saa moja muwe mmeshakaa kwenye gari. Mtapita Buhongwa mpaka Usagara, pale barabara ya Shinyanga inanyoosha mbele, nyie mnakata kulia. Mweke mama dirishani.

Kurudi ndiko kwenye kazi. Jioni gari zinatoka Geita na Sengerema zimeshajaa, mkisimama njiani zinawapita tu huku zinawapigia honi. Chukueni bajaji mrudi mpaka stendi ya Sengerema mpandie pale, hata kama mnarudi nyuma kidogo. Saa kumi kamili muwe mmeondoka uwanjani, ngoma iwe imekolea au haijakolea. Kama mama anapenda maji kuna kivuko cha Kamanga ambacho kinawashusha Mwanza mjini kabisa, ila ulizeni cha mwisho kinaondoka saa ngapi kabla hamjaamua.

Bwana Kipimo

Kwa nini mtu mzima umsumbue na vumbi lote hilo? Subiri Nane Nane, mpeleke kwenye viwanja vya maonyesho Nyamhongolo. Pale kuna mabanda, viti, vyoo, na mikoa mitatu iko sehemu moja. Hizi siku za vyakula za vijijini ni hotuba saa mbili na kijiko kimoja cha mlenda.

Mama Kulwa wa Igoma

Shemeji (umeoa kwetu, hata kama kazaliwa Dar), usimsikilize Kipimo. Nane Nane nimeshapika sana. Watu wanakwenda kuangalia trekta, ng'ombe wa maziwa na vifaranga. Chakula wanachokula ni chipsi kuku. Hotuba lakini kasema kweli, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Mimi nina banda la chakula hapa Igoma. Kwetu Sengerema, Mzinza kwa baba, Msukuma kwa mama. Kikundi cha shangazi yangu kikipata mwaliko wa siku kama hizo huwa nakwenda kushika mwiko, kwa hiyo nakupa habari za jikoni. Za chini ya turubai utajionea mwenyewe.

Ukifika utakuta chakula cha aina mbili: cha mezani na cha mafigani. Cha mezani kimepangwa kwenye vyungu na vibuyu, kila kimoja na kikaratasi chake chenye jina, na mbele yake amekaa mama amevaa kitenge cha kikundi. Kizuri kwa macho. Lakini kile ni cha mgeni rasmi. Hakiguswi mpaka apite, asimame kila meza, aulize "hii ni nini?" kana kwamba hakukulia kijijini, apigwe picha akionja. Tangazo limesema saa nne, basi yeye hesabu saa saba. Ugali uliosongwa alfajiri ukifika saa nane mchana unaweza kuupangia matofali. Akishapita ndipo watu wanavamia, sahani ishirini watu mia tatu. Mama mwenye magoti usimwingize mle.

Cha mafigani kiko nyuma, kwa kawaida nyuma ya madarasa au chini ya mwembe, mahali moshi unapotokea. Huko tunapika kwa ajili ya wapishi wenyewe, wacheza ngoma, madereva, na yeyote mwenye buku mbili mkononi. Hakuna kikaratasi. Chungu kinaipuliwa, watu wanakula, kingine kinabandikwa. Nenda huko saa tano, kabla wacheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, hawajaja na njaa yao, maana wale wakitupa majembe chini hawabakizi kitu. Msalimie mama aliyekaa kwenye kigoda kikubwa, mwambie, "Nimeleta mgeni wangu kutoka Tanga, na yeye ni mpishi." Basi. Bimkubwa wako atapewa kigoda, na kama namjua mpishi, ndani ya robo saa atakuwa anachungulia masufuria ya watu.

Sasa hilo la bada. Hapo umenifurahisha, maana kwetu muhogo ndiyo mambo yote. Atakuta ugali wa udaga. Tofauti na bada yenu ni kwamba udaga umevundikwa: muhogo unamenywa, unarundikwa na kufunikwa majani siku kadhaa mpaka ulainike na kuota ukungu, ukungu unakwanguliwa, ndipo unabomolewa na kuanikwa juani. Hatufanyi hivyo kwa kupenda harufu. Mihogo mingi ya huku ni michungu, ina sumu inayoweza kuua mtu ikipikwa haraka haraka, na kule kuvunda na kukauka ndiko kunakoitoa. Mwambie mapema kwamba unanukia, asije akadhani umeoza. Halafu mwache aangalie unavyosongwa. Maji yakichemka unga unamwagwa wote kwa pamoja, mpishi anakanyaga masikio ya sufuria kwa miguu miwili iliyofungwa matambara, anashika mwiko kwa mikono yote, anageuza akitokea chini kabisa. Unga mweupe unaanza kuwa kijivu, halafu unang'aa, halafu unavutika ukimfuata mwiko juu. Ukishavutika hivyo mpishi mzuri anauacha dakika kidogo ujifute jasho. Mpishi wa haraka anaupakua hapo hapo, na ndani unakutana na unga mbichi. Bimkubwa ataona tofauti kabla yako.

Cha kulia nini? Tafuta nsansa. Ni majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa, baadaye yanapikwa na karanga za kutwanga. Rangi yake nyeusi nyeusi haivutii hata kidogo, na wageni wengi wanaipita wanakimbilia sato. Waache wapite.

Samaki. Sitabishana na mtu wa Pangani kuhusu samaki, naheshimu umri. Ila sato na sangara wabichi kama hapendi, mtafutie kayabo: sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani. Analowekwa usiku, anatupwa kwenye mchuzi wa karanga. Huyo chumvi imeingia mpaka kwenye mfupa, asije akakwambia haiingii. Kamongo usimwonyeshe akiwa mzima. Akishakatwa vipande kwenye supu ni samaki kama wengine, lakini sura yake kabla ya hapo inahitaji mtu aliyezoea.

Mtoto mpe matobolwa. Hivyo ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa. Michembe ni ndugu yake, ila michembe inakatwa na kuanikwa ikiwa mbichi, kwa hiyo ni lazima uichemshe ndipo ule. Matobolwa unatafuna hivyo hivyo kama pipi ngumu, na karanga mkono wa pili. Juni hadi Agosti ndipo vinapoanikwa kwa wingi, mapaa ya mabati yote huko utayakuta yamefunikwa.

Mengine kwa haraka: beba kanga ya kukalia, maji ya kunywa, na noti ndogo ndogo, maana mtandao wa simu siku ya watu wengi huwa unagoma na mama wa mafigani hana chenji ya elfu kumi. Choo ombeni ufunguo wa choo cha walimu, wanatoa wakiona mtu mzima.

MpanganiMgeni

Mama Kulwa, Mungu akuzidishie. Nimemsomea bimkubwa yote, hapo pa kukanyaga masikio ya sufuria akacheka, akasema huyo mwandishi ni mpishi kweli.

Ameniagiza niulize mawili. Nyama na kuku wa huko, kachinja nani? Na dagaa, maana anataka kuwabebea wajukuu Pangani, lakini anaogopa mchanga.

Mama Kulwa wa Igoma

La kuchinja mwambie aulize bila haya. Ni swali la kawaida, kila mtu huku analijua, na mpishi mwenye akili anaandaa mchinjaji mapema kwa sababu hataki kupoteza wateja. Akijibiwa kwa kuzungushwa maneno, ale samaki na nsansa, yaishe. Mimi mwenyewe si Mwislamu, lakini bandani kwangu kuku anachinjwa na jirani yangu Mwislamu, la sivyo nusu ya wateja wangu wangekula kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara.

Mvuvi wa Kayenze

Dagaa niachieni mimi.

Kwanza angalia mwezi. Dagaa tunamvua usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri. Anaifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote ni taa, hatuna cha kumdanganyia, mitumbwi inakaa nchi kavu na sisi tunashona nyavu. Hiyo Jumamosi mliyoitaja mwezi utakuwa mpevu. Kwa hiyo dagaa mtakaokuta ni wa giza lililopita. Si kosa, dagaa mkavu anakaa, ila mtu asiwauzie kwa bei ya "wa jana usiku". Jana usiku hakuna aliyeingia majini.

Pili, mchanga. Wa kuanikwa chini ufukweni na wa kuanikwa kwenye chanja si samaki mmoja, hata bei zimeachana. Asiangalie kwa macho, muuzaji amewapepeta vizuri. Achukue watatu wanne, awakunje kwenye kiganja na kuwasugua na kidole gumba mpaka wavunjike, halafu apitishe kidole kwenye ule unga. Wa chanja unasikia mafuta na magamba. Wa mchanga unasikia msasa. Tena wa chanja anang'aa kama fedha mpaka tumboni, wa chini tumbo limefifia na mara nyingi limepasuka.

Na huyo mtoto wa miaka saba: kama mtapita ufukweni, asikanyage maji. Hasa pale penye majani na maji yaliyotulia. Kichocho kipo ziwa zima hili, vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya ngozi, mtoto hata hahisi. Wetu wanameza dawa shuleni kila inapoletwa. Wa kwako mgeni, mnunulie soda akae kivulini.

Bwana Kipimo

Nyie mmegeuza siku ya kutembea kuwa mtihani wa darasa la saba.

Konda Mstaafu

Kipimo, njoo nasi ukalipe nauli kwanza, kisha ulalamike.

MpanganiMgeni

Narudi na majibu, maana watu wanauliza huko chini.

Tulikwenda, tukarudi, saa moja na nusu usiku tulikuwa Nyakato. Darajani bimkubwa alinyamaza, halafu akaniuliza chini ya maji kuna kina gani, nikamwambia sijui, akasema basi mwambie dereva asiongee na simu. Akamwambia mwenyewe.

Mgeni rasmi alifika saa saba na dakika zake. Mama Kulwa, wewe ni mtabiri. Kufikia hapo sisi tulikuwa tumeshakula nyuma ya darasa la nne, chini ya mwembe kama ulivyosema, na bimkubwa alikuwa amekalia kigoda cha mwenye jikoni huku mwenye jikoni amesimama. Sijui ilikuwaje. Nilikwenda kununua soda, nikarudi nikakuta mwiko uko mkononi mwake.

Tathmini yake, kwa wanaotaka kujua. Ugali wa udaga: harufu ilimkimbiza mara ya kwanza, akaukatia tonge dogo, akala, akakata jingine. Hakusifu, ila hakuacha. Nsansa alirudia, akataka kujua karanga zinatiwa kabla au baada ya majani kulainika. Akajibiwa baada. Akasema angetia na tui. Hapo palizuka ubishi wa nusu saa kati yake na mama wawili wa kikundi, ati tui na karanga haviwezi kukaa chungu kimoja, na yeye anasema Pangani vinakaa. Kayabo alionja, akasema chumvi imepita kiasi na walimloweka muda mfupi. Sato wa kuchoma aliletewa bure kwa heshima ya ugeni. Akashukuru vizuri sana, akampa mwanangu.

Kuku hakula, jibu la kuchinja lilizungukazunguka.

Dagaa alifanya ile ya kidole gumba mbele ya muuzaji. Muuzaji akanuna, akatoa gunia jingine kutoka chini ya meza.

Sasa swali la mwisho. Amenunua matobolwa debe zima na unga wa udaga kilo tano. Basi la Tanga ni Alhamisi. Mvua ilianza kunyesha jana na vitu vimekaa jikoni kwetu kwenye mfuko wa plastiki. Vitafika?

Mama Kulwa wa Igoma

Toa kwenye plastiki sasa hivi, usingoje asubuhi! Plastiki inatoa jasho, na ukungu wa safari hii si ule wa kukwangua. Matobolwa yatandaze juu ya mkeka ndani, jua likitoka kesho yaanike mpaka kipande kikikunjwa kigome. Yakipoa kabisa ndipo uyatie kwenye kiroba cha kitambaa au gunia la katani. Yakifungwa yakiwa na moto wa jua yanatoa unyevu humo humo.

Unga ni vivyo hivyo, uanike kwenye kitambaa kisafi saa mbili tatu, uchekeche, ufunge. Akifika Pangani asiuweke karibu na dagaa. Hewa ya bahari ina unyevu kuliko huku kwetu, kwa hiyo udaga autumie kwanza, matobolwa yatangoja. Kila baada ya wiki mbili ayatoe juani, maana fukusi wanayapenda kuliko wajukuu.

Na mwambie tui na karanga nimejaribu jana usiku bandani. Wateja wawili wamerudisha, mmoja ameomba tena. Nitajaribu na karanga chache zaidi.